Lakiri ya Boksi la Sola

Jumatatu, 5 Julai 2004

Leo tumefundishwa jua.

Walikuja na magari mawili meupe, vumbi mpaka kwenye uji wa wagonjwa. Mmoja mzungu mrefu, Bwana Matiasi, mtaalamu. Wa pili ni wetu, Erasto, afisa mradi kutoka Dar — shati la kitenge, kalamu tatu mfukoni, simu kiunoni kama bastola, ingawa hapa Nachilumbi mtandao hatuna. Mradi unaitwa Nuru Endelevu Kusini. Wanatuwekea umeme wa sola hapa zahanati. Bure! Kuna wafadhili wa nchi moja huko juu Ulaya wametuonea huruma.

Kikao kilikuwa darasa la tano. Bwana Matiasi akachora duara ubaoni, akachora mishale. Erasto akatafsiri: hili ni jua. Linatoa mwanga. Linatoa pia joto. Wazee waliotoka kupalilia mikorosho, jasho bado linawatiririka, wakasikiliza kwa adabu.

Mwanaisha, mhudumu wangu, akanyoosha mkono. Huyu mama hana breki. "Huyu nzungu, kwao jua lipo?" Erasto akauliza kwa Kiingereza. Mzungu akacheka, akasema lipo, ila msimu wa baridi linachomoza saa nne asubuhi na saa tisa limeshazama. Mwanaisha akaketi, akaninong'oneza: kwa hiyo wasiokuwa nalo wamekuja kutufundisha sisi linaotuunguza. Nikajifanya nakohoa.

Maneno mapya niliyookota: stekiholda. Kapasiti bildingi. "Endelevu" mara thelathini na moja — nilihesabu, kikao kilikuwa cha saa tatu.

Lakini humu niseme kweli, maana hakuna anayesoma: huo umeme nautaka. Mwaka wa tisa huu tangu nitoke Mbinga kuja kufanya kazi hapa, nazalisha kwa taa ya chemli. Mganga ameenda masomoni tangu mwaka jana, nimebaki peke yangu — Rozalia mkunga, Rozalia mkuu wa kituo, Rozalia mtunza funguo. Wakiniambia niimbe, nitaimba.

Alhamisi, 22 Julai

Wamefunga. Vioo vinne juu ya bati, betri nne, taa tano, na friji mpya ya chanjo, nyeupe kama meno ya tangazo. Ukutani kuna boksi la chuma. Erasto anasema huo ndio ubongo: umeme wote wa juani unapita humo kwanza, ndipo uende kwenye betri na friji. Boksi limefungwa kwa waya, na waya una lakiri nyekundu, muhuri wa kuonyesha hakuna aliyelifungua.

Akanisomea mkataba. Asiyekuwa fundi wa mradi haruhusiwi kufungua boksi. Lakiri ikikatika, dhamana imekufa, na mradi una haki ya kung'oa kila kitu. Nikatia sahihi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Selemani, naye akatia. Sahihi yake ina mkia unaofika ukurasa wa pili.

Stika za mfadhili: tatu kwenye friji, nne mlangoni, moja kwenye ndoo ya maji. Mwanaisha anasema tusisimame sana sehemu moja, tutabandikwa.

Friji yetu ya zamani, ile ya mafuta ya taa, wameichukua. Nilimwambia Erasto, iache hapa pembeni, iwe ya akiba. "Sista," ananiambia, "nishati chafu na nishati safi haziwezi kukaa chumba kimoja. Kwenye ripoti haitapendeza." Ina masizi, sikatai. Utambi wake unadai kupunguzwa kila asubuhi, na ikinuna inafuka moshi. Lakini miaka tisa hiyo haijaniharibia chanjo hata mara moja. Wakaipiga picha — hiyo ni "kabla". Wakapiga picha mpya — hiyo ni "baada". Kisha ikapandishwa garini kama mfungwa.

Na mimi niliishika upande mmoja. Nikasaidia kupakia.

Jumamosi, 24 Julai

Inawaka!

Mapacha leo jioni, wa pili alitanguliza miguu. Nimezoea kupapasa, leo nimetumia macho. Wote wazima, na mama yao mzima. Nililia kidogo, nikasingizia sabuni. Mwanaisha akanipa kanga yake nijifute, bila kunitania, na kwa Mwanaisha hilo ni tukio.

Mungu awabariki hao watu wasio na jua. Nasema kwa moyo mmoja.

Jumapili, 15 Agosti

Badala ya kwenda kusali Mpapura nimeshinda na fomu. Inaitwa Fomu ya Kuridhika kwa Mnufaika, kurasa kumi na moja, inatakiwa kila mwezi. Swali la ishirini na sita: "Je, mwanga umeboresha mahusiano kati ya wanawake na wanaume katika jamii yako?" Nikamsomea Mwanaisha. Akafikiri. "Andika: zamani mume wangu akija kufuata dawa ya kikohozi nilikuwa simwoni vizuri. Sasa namwona. Mahusiano ndiyo yameharibika."

Nikaandika: Ndiyo, kwa kiasi kikubwa.

Jumanne, 7 Septemba

Asubuhi friji kimya. Kwenye boksi taa ya kijani imezimika, inawaka nyekundu. Kipimajoto ndani ya friji: nyuzi kumi na moja. Chanjo haitakiwi kuvuka nane.

Nikapakia chanjo zote kwenye boksi la baridi pamoja na barafu iliyobaki, nikadandia lori la mihogo hadi Mtwara mjini. Nusu zimetupwa. Yule dada wa stoo aliniuliza, kwani friji yenu ya mafuta iko wapi? Nikamwambia imestaafu.

Alhamisi, 9 Septemba

Mtandao unashika mahali pamoja tu: juu ya kichuguu kwenye shamba la Mzee Selemani, tena usimame kwa kunyooka. Nikapanda na simu ya mwalimu mkuu. Chini yangu watoto wanachunga mbuzi, wananitazama kama mwendawazimu.

Erasto alipokea mlio wa sita. Yuko Arusha, semina. Semina ya nini? Ya matengenezo endelevu.

Nikamweleza: taa nyekundu, friji imekufa, leteni fundi. Fundi wa mradi ni Bwana Matiasi, anasema, na Bwana Matiasi yuko kwao likizo. Vipuri navyo vinatoka kwao. Ombi litaandikwa, litajadiliwa na kamati, litapitishwa. Nikauliza, je, nikimtafuta fundi hapa jirani aangalie tu? Sauti ikabadilika. "Sista! Usiguse lakiri. Nakuomba. Ukigusa lakiri mimi simo."

Nikamwambia, basi nirudishieni friji ya mafuta kwa muda. Iliuzwa kwa mnada, anasema. Kama chuma chakavu.

Salio likaisha. Nikashuka kichuguuni, siafu wamenipanda hadi magotini.

Jumatatu, 20 Septemba

Siku ya kliniki ya chanjo, kila Jumatatu ya tatu. Nilikwenda mjini jana, nikarudi na boksi la baridi mapajani kama mtoto. Chanjo ya surua niliyopewa ni chupa moja. Chupa moja, watoto kumi.

Walikuja ishirini na wawili wanaostahili.

Wa kumi na tatu alikuwa Husna, binti mdogo, hata ishirini hajafika, mtoto wake wa kwanza. Mohamedi, miezi tisa, mashavu hayo! Wametoka upande wa Ziwani tangu alfajiri, kwa miguu. Nikamweleza. Chupa imekwisha, rudi mwezi ujao. Akasema, "Haya, Sista," akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Afadhali angenitukana.

Jumatano, 29 Septemba

Barua kutoka mradi! Nimeifungua papo hapo mlangoni.

Hawaulizi friji. Wanauliza fomu ya Septemba iko wapi, na wanataka nikadirie tumeiepusha dunia na moshi kiasi gani tangu Julai. Kuna jedwali.

Nimejaza. Taa haziwaki, friji haifanyi kazi, mafuta ya taa hatununui: moshi ni sifuri kamili. Tunaongoza duniani.

Jumanne, 5 Oktoba

Surua imeingia. Vitongoji vya huko bondeni, watoto tisa hadi leo.

Saa nne Husna akaingia na Mohamedi mgongoni. Sikuhitaji kupima. Vipele mpaka nyayoni, macho mekundu yanatoka tongotongo, pumzi fupi fupi. Vitamini A, dawa ya macho, dawa ya kifua, barua ya rufaa. Mzee Selemani akatoa gari lake bovu bila kuombwa, akaendesha mwenyewe hadi Mtwara — na hilo niliandike, maana humu namsema sana.

Husna alipokuwa anapanda aliniuliza: Sista, ule mwezi ujao uliosema, ulikuwa bado?

Jumapili, 17 Oktoba

Mohamedi karudi. Yuko hai. Watoto wawili wa bondeni hawakurudi.

Mboni yake ya kushoto imefunikwa na utando mweupe. Ukimwonyesha kijiko upande ule hageuki. Daktari wa mjini amesema jicho lile ndiyo basi, ashukuriwe Mungu limebaki la kulia.

Leo sina maneno ya kuchekesha.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kliniki. Mjini safari hii walinipa chupa nne za surua, kwa ajili ya mlipuko. Nimechanja watoto arobaini. Kila sindano natazama lile boksi ukutani. Taa nyekundu bado inawaka, kwa bidii kabisa.

Jumamosi, 23 Oktoba

Nimeikata.

Niandike kwa mpangilio. Kuna fundi redio wa Mikindani, Lukasi, kijana wa watu wa bandarini. Alikuja kijijini kurekebisha spika za msikiti, maana Ramadhani imeshika kasi na kipaza sauti kinakoroma. Mwanaisha akamkamata mkono, akamleta. "Tazama tu," akamwambia. "Kutazama hakuna nkataba."

Lukasi akatazama boksi, akaligonga, akaweka sikio. Akasema, Mama, bila kufungua mimi siyo mganga wa kienyeji.

Nikasimama mbele ya ile lakiri. Nyekundu, ndogo, kama kidonge. Nilikuwa naogopa. Kazi yangu, pensheni yangu, sahihi yangu kwenye mkataba. Halafu nikakumbuka kijiko kinapita mbele ya jicho la mtoto na jicho halifuati. Nikachukua mkasi wa kukatia vitovu. Kwa! Haikuwa hata ngumu.

Ndani: mjusi. Mjusi kafiri mdogo, amekauka, kanyooka kutoka waya mmoja hadi mwingine, na chini yake fyuzi imeungua. Lukasi akamtoa kwa koleo, akafuta, akachomoa fyuzi ya akiba kwenye pikipiki yake. Taa ya kijani! Friji ikakohoa, ikaanza kunguruma. Dakika ishirini, tena kumi kati ya hizo alikuwa ananyoosha mkia wa mjusi ili Mwanaisha auone vizuri.

Nikamuuliza, hii kazi ni ngumu? Akasema hata mtoto wa shule anaweza, Mama. Akakataa malipo kwa sababu ya mwezi mtukufu, na yeye ni Mkristo.

Siku arobaini na sita. Nimekaa siku arobaini na sita naheshimu lakiri. Erasto aliniambia nisiguse, ndiyo. Lakini mkasi ulikuwa kwenye droo yangu, na mjusi alikuwa ukutani kwangu. Hilo siwezi kumpakia Erasto.

Ijumaa, 5 Novemba

Erasto amefika, bila taarifa, na pikapu. Nyuma ya pikapu: jenereta! Ya petroli!

Kumbe Jumatano wageni wanakuja, wafadhili wenyewe, kuona "mfano wa mafanikio". Mpango wake ulikuwa jenereta ifichwe nyuma ya choo, waya upite chini ya mchanga, taa ziwake, friji ingurume, wageni wafurahi. Moshi? Upepo utaupeleka kwa Mzee Selemani.

Akaingia chumba cha chanjo, akakuta kijani inawaka. Kipimajoto: nne. Nilidhani atafurahi! Akasimama kama aliyefumania. "Nani kafungua?"

Mimi.

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, kichwa mikononi. Sista umeniua, anasema. Ripoti ya robo mwaka niliandika mfumo unafanya kazi asilimia mia. Sasa unafanya kazi, lakini lakiri haipo! Nikamwambia, basi ripoti yako ni kweli, umebahatika. Hakucheka.

Mwisho akatulia, akapata wazo. Tutasema fundi wa mradi alikuja. Akatoa karatasi, hotuba yangu, imechapwa tayari. "Mimi kama mwanamke wa kijijini nilikuwa gizani." Mimi, Rozalia, wa cheti cha ukunga daraja la kwanza.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema, nitaipitia.

Jumatano, 10 Novemba

Wamekuja, wamekula, wameondoka. Niandike kabla sijasahau.

Kwanza chakula. Erasto aliagiza pilau la mbuzi wawili liliwe saa saba mchana. Kijiji kizima kimefunga! Wanawake wamepika tangu alfajiri bila kuonja hata chumvi, kisha wakasimama pembeni wakiwatazama wageni kumi na wawili na watu wa mradi wakitafuna mbuzi. Mzee Selemani akaombwa akae meza kuu. Akakaa na sahani tupu mbele yake, mgongo umenyooka, anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mwanaisha akasema pilau halikutiwa chumvi, na tumwachie Mungu.

Pili, picha. Erasto alihitaji mama mnufaika, kijana, na mtoto anayevutia. Katika wanawake wote akamchagua Husna! Hakujua habari ya jicho. Mpiga picha akamweka mtoto mbele ya friji, akaangalia kwenye kamera, akashusha kamera. Akamwambia Erasto kitu. Erasto akamwambia Husna: "Mama, mgeuze mtoto. Tupate upande wa huku."

Husna akamgeuza. Wakapiga.

Nikasimama. Karatasi ya hotuba niliiacha mfukoni. Nikasema kwa Kiswahili, pole pole: friji hii ilikufa tarehe saba Septemba. Tukaambiwa tusiguse. Tulikaa siku arobaini na sita. Surua ikaja. Watoto wawili wamekufa, na huyu mliyempiga picha ana jicho moja. Ugonjwa wa friji ulikuwa mjusi. Lakiri nimekata mimi kwa mkasi.

Wote wakamtazama Erasto. Erasto akatafsiri. Najua Kiingereza kidogo, kile cha vitabu vya shule. Alisema: anashukuru sana, anasema maisha yamebadilika.

Makofi!

Nilibaki nimesimama. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa kizungu, mzee, amekaa kiti cha nyuma na kofia ya majani. Hakupiga makofi. Akainuka, akasema kwa Kiswahili cha Songea kabisa, kile cha kwetu: "Samahani, dada. Umesema siku arobaini na sita?"

Kumbe anaitwa Mama Birgita, alifundisha shule ya wasichana Songea miaka ya sabini. Nilimwona Erasto akivua miwani, akiifuta, akiivaa, akiivua.

Mama Birgita akaenda kwa Husna, akaomba kumshika mtoto. Akamgeuza upande ule mwingine, kwa upole, akatazama muda mrefu. Kisha akawaambia wenzake kwa lugha yao. Sikuelewa neno, lakini vijiko vilisimama.

Alipoaga alinishika mkono. Nitaandika, aliniambia. Hili lazima liandikwe.

Nimefurahi! Nakiri. Nimefurahi kama mtoto. Husna pekee hakufurahi. Aliniuliza: wakishaandika, jicho linarudi?

Jumanne, 30 Novemba

Barua.

Mama Birgita aliandika kweli. Ripoti yake ilijadiliwa huko kwao, wakasikitika sana — neno "kusikitika" limo mara nne. Wameamua. Kwa kuwa imebainika "mapungufu katika usimamizi wa jamii" na "ukiukaji wa masharti ya dhamana", mfumo utahamishiwa kijiji kingine ambacho kiko tayari zaidi. Vifaa vitaondolewa kabla ya mwisho wa mwaka wao wa fedha. Nakala kwa Mwenyekiti. Nakala kwa mwajiri wangu. Imesainiwa na mtu ambaye hajawahi kufika.

Na mwisho wa barua: tafadhali ambatisha fomu ya Novemba.

Mwanaisha aliniomba nisome tena kile kipande cha "mapungufu ya jamii". Nikasoma. Akauliza: yule njusi, alikuwa wa jamii au wa mradi?

Nimeandika wilayani kuomba friji yoyote. Wamejibu haraka, kwa upole: mpaka bajeti ya Julai.

Jumatatu, 20 Desemba

Naandika kazini, vipande vipande. Kliniki. Mstari umefika hadi kwenye mikorosho. Baada ya yale ya Oktoba hakuna mama anayebaki nyumbani siku ya chanjo: watoto arobaini na wawili.

Saa tatu pikapu ya mradi ikaingia. Erasto na mafundi wawili wa kukodi kutoka mjini. Leo ndiyo siku. Nikamwomba asubiri hadi mchana nimalize. Akasema gari linatakiwa Lindi jioni, amri siyo yake. Hilo naliamini. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyechoka.

Walisahau ngazi! Mradi mzima, magari meupe, semina Arusha, na ngazi hawana. Wakaazima ya msikitini. Mafundi wakapanda. Nikasikia spana juu ya kichwa changu, krii, krii, kila ninapochoma mtoto. Mimi na wao tukaanza kushindana. Niko wa sita — bolti ya kwanza imeanguka kwenye bati. Wa tisa — ya pili. Sindano haikukosea hata mara moja. Sijui kwa nini.

Saa nne na nusu kelele nje. Nilichungulia. Ngazi haipo ukutani. Ni Mwanaisha na kina mama kama kumi, wanaisindikiza kuelekea msikitini, na katikati yao Husna, Mohamedi mgongoni, ameshika mwisho wa ngazi. Hawaimbi, hawapigi vigelegele. Wanatembea tu, kama wanaorudisha chombo cha watu.

Mafundi wako juu. Bati la saa nne na nusu, mwezi wa kumi na mbili! Wanahama mguu huu, mguu ule, kama kuku kwenye jiko.

Erasto akamkimbilia Mzee Selemani. Mzee Selemani akavaa kofia yake, akafikiri, akasema ngazi ni mali ya msikiti, haiwezi kutoka mara mbili kwa siku moja bila kikao cha kamati. Kamati ina wajumbe saba. Wawili wako shambani, mmoja Tandahimba kwenye korosho. Akamkaribisha kiti.

Kumi na nne. Kumi na tano. Kipimajoto: tano.

Nimewapelekea mafundi maji kwa kamba na ndoo. Wameshukuru. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, Mama, hivi tunang'oa kwa nini, mbona kinafanya kazi? Nikamwambia amuulize bosi wake, mimi nina foleni.

Kumi na saba.

Sasa Erasto yuko mlangoni. Amebisha mara tatu. Tangu Julai ananiita Sista, leo ananiita Mama. Mama, wewe ndiye mkuu wa kituo, toa amri ngazi irudi. Nikasema mikono yangu ina kazi. Akasema wakiamua kuandika kwa mwajiri wangu tena, sitabaki hapa, na pensheni nayo. Nikamwambia najua. Akasema yeye naye ana watoto wawili Dar na mkataba unaoisha Januari. Hilo sikuwa nalijua.

Mwanaisha hayuko, yuko na ngazi, na sina wa kunishikia. Wa kumi na nane ni bonge la mtoto wa kiume, anarusha mateke, mama yake mjamzito hamuwezi.

Nimemwambia Erasto: nawa mikono, uje ukamate paja la huyu.

Amesimama. Simu iko mkononi, haina mtandao, anaitazama. Juu ya bati wale wawili wanaita jina lake. Nimegeuka kuandika mistari hii, dawa inachanganyika kwenye chupa, ili nisimtazame usoni.

Kuna kitu kimewekwa mezani nyuma yangu, kizito kama simu. Nasikia kata ya kuchotea inagonga ndoo ya maji —